Vinundu vya Gaspar, Kifua cha Mukalay

Ikiwa dokta ameinua picha ya kifua chako mbele ya mwanga, akanyamaza, akavua miwani, akaipangusa, akaivaa tena na kunyamaza upya, basi haya niliyaandika kwa ajili yako. Mimi nilimwona dokta akipangusa miwani hivyo mara mbili kwa mwaka mmoja, na bado nipo. Sitakufundisha udaktari. Shule yangu iliishia sekondari, na saa ya sayansi nilikuwa nalala. Ninachokijua ni kungoja, maana nilingoja tangu jacaranda zilipochanua hadi zilipochanua tena.

Kwanza unijue. Mimi ni mtu wa nyumbani. Tulikaa Dilala, mjini Kolwezi, katika nyumba ya kampuni ya migodi yenye barza ndogo mbele, na kwenye barza kiti kimoja ambacho hakuna mwingine aliyethubutu kukikalia. Mke wangu, Mama Ngoie, aliwaambia watu kwamba safari yangu ndefu kabisa ni kutoka kitandani hadi kwenye kiti kile, na kwamba katikati ya njia napumzika. Kazi yangu ilikuwa karani wa magazini, ghala la vipuri. Wenzangu wa mgodini walikula vumbi la mawe, mimi nilikula vumbi la karatasi.

Kazini nilikuwa na sifa moja tu, nayo niliipenda mno. Kifaa kikihamishwa rafu, nilikuwa naacha fishi, karatasi ndogo ya maelezo, mahali pake pa zamani: “Haipo hapa. Tazama rafu fulani.” Hakuna boulon, yaani bolti, iliyopotea mikononi mwangu. Wakubwa walinisifu, nami nikavimba kichwa.

Kichwa kile kilivimba zaidi siku nchi yetu, Zaïre, ilipotuambia tuache majina ya ubatizo na kuchukua ya mababu. Wenzangu walitupa jina moja tu, wakabaki na lingine. Mimi, kwa vile nilikuwa msomi, nilibadilisha yote. Nililala Kalenga Gaspard, nikaamka Mukalay wa Banze, jina la babu yangu na la kijiji chake. Tena mimi ndiye niliyewaandikia wenzangu wa magazini karatasi zao mpya, na kila mmoja nilimpa hotuba fupi. Nikawaambia jina la zamani limekufa na halina matanga. Nyumbani Mama Ngoie alisikiliza hotuba ile, akasema, “Sawa, Gaspar. Njoo kula.”

Sasa picha. Kila mwaka kampuni iliwapiga picha ya kifua watu wa mgodini na wa kwenye vinu vya kusagia mawe. Sisi makarani tulipigwa mara moja tu, siku ya kuomba kazi, kisha tukasahauliwa. Mwaka ule, jacaranda zikiwa zimechanua, likaja agizo kwamba wote tupigwe. Nilienda kwa furaha, kwa sababu foleni ya picha iliangukia asubuhi ya kuimba na kumchezea Rais mbele ya ofisi, na kiuno changu hakijawahi kuelewa siasa. Nilivua shati, nikabandika kifua kwenye bamba la baridi, nikashika pumzi, nikarudi kwenye fishi zangu.

Siku ya nne wakaniita hospitali.

Dokta alikuwa kijana aliyesomea Kinshasa, na Kiswahili chake alikiokota hapa kwetu, wodi kwa wodi. Kila mtu alimwita citoyen, yaani mwananchi, kama ilivyoagizwa.

“Citoyen Mukalay, unakohoa?”

“Apana, dokta.”

“Unatoka jasho usiku?”

“Apana.”

“Kilo zinapunguka?”

Nikatazama tumbo langu, naye akalitazama. “Bibi yangu hawezi kubali,” nikasema.

Hakucheka. Akaweka picha kwenye sanduku la taa. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuona mbavu zangu, nikaona kumbe nami ninazo. Katikati yake, pande zote mbili, kulikuwa na madoa meupe madogo madogo, kama mtu alikuwa anapepeta mtama akajikwaa. Akavua miwani, akaipangusa.

“Hivi ni vinundu. Nimehesabu ishirini na sita. Vinaweza kuwa kitu kidogo. Vinaweza kuwa kitu kikubwa sana. Picha peke yake haisemi.”

Nilikuwa nimeingia pale nikiwa mzima. Nilipofika mlangoni nikakohoa. Nilipofika nyumbani nilikuwa nakohoa kama gari la Tata Saidi asubuhi ya baridi.

Tata Saidi (kwetu tata ni baba) alikuwa jirani yetu, mwenye lori, ambaye wazee wake walitoka Kasongo kule Maniema. Alikuwa Mwislamu wa swala tano na sigara thelathini. Jioni hiyo hiyo alikuja barzani, akasimama kwa sababu kiti kilikuwa kimoja.

“Banasema uko na mawe mu kifua. Ni shaba ao ni kobalti? Kama ni kobalti usiambie kampuni, batakuja kuchimba.”

Nilicheka nikakohoa. Mama Ngoie hakucheka. Alikuwa amesimama mlangoni, ameshika kitambaa cha sahani, na kitambaa kilikuwa kikavu.

Dokta aliamua kuanza na kifua kikuu, kwa sababu ndicho chenye dawa. Alitaka makohozi asubuhi tatu, katika kikopo. Hapo ndipo nilipogundua kwamba kikohozi changu kilikuwa cha mdomo tu. Nilikohoa, nikajikamua, nikainama, nikapata mate. Tata Saidi aliponiona nimeinama nyuma ya nyumba na kikopo akaniambia kwa huruma, “Ndugu yangu, mi niko nayo mingi. Nikupe kidogo?” Ninakiri kwamba nilifikiri kidogo kabla ya kukataa. Makohozi yangu maskini hayakuonyesha kitu. Hata hivyo nikaandikiwa sindano, moja kila asubuhi, sitini kwa jumla, na vidonge vyeupe vya kumeza juu yake.

Kwa hiyo mvua za mwaka ule nazikumbuka kwa matako. Sindano ya kumi, mvua ya kwanza kubwa, barabara ya hospitali ikawa matope. Sindano ya ishirini na tano, akina mama wa porini wakaanza kuleta bowa, yaani uyoga, na Mama Ngoie akanipikia bowa wale wakubwa kila siku mbili, kwani alisikia wanajenga damu. Sindano ya arobaini, masikio yakaanza kulia, nzi mmoja kila upande, na nikisimama haraka nyumba inazunguka kidogo kunisalimia. Nilikuwa nakalia upande mmoja, kesho upande mwingine, kama mtu anayesikiliza jirani wawili.

Rehema ndogo zilikuwepo. Nilisamehewa salongo, kazi ya lazima ya kila Jumamosi, nikawatazama jirani zangu wakifyeka majani ya barabarani nami nimekaa kwenye kiti changu. Nilisamehewa kumchezea Rais. Na kulikuwa na muuguzi mmoja, mama wa makamo, aliyekuwa akiipasha dawa joto kiganjani mwake kabla ya kuivuta kwenye sindano. Hakuna aliyemwagiza. Ukimpata mtu kama huyo mshukuru siku ile ile.

Kwenye benchi la kungoja nilikuwa nakaa na mtu wa kwenye vinu. Jina lake sikulijua. Tuligawana gazeti, yeye akianza nyuma na mimi mbele, tukikutana katikati. Alikuwa na kikohozi cha kweli. Baada ya sindano ya hamsini hakuja. Siku ya pili hakuja. Siku ya tatu muuguzi alikaa mahali pake kidogo, akanipangusa mkono na pamba, ingawa sindano yangu haikuwa ya mkononi. Nilisoma gazeti lote peke yangu siku hiyo.

Katikati ya mvua hizo akafika dada yangu mkubwa, Yaya Numbi. Sikuwa nimemwita. Alikuwa amepanda treni Kabongo, akabadilisha Tenke, akashuka Kolwezi na godoro lake mwenyewe, na hapo nikajua amekuja kwa matanga. Alinishika uso kwa mikono miwili.

“Banakuloga kwa kazi,” akasema. “Nani anatamani nafasi yako?”

“Yaya, mi nahesabu boulons. Hakuna mwenye kutamani.”

Alikaa wiki, wiki ikawa mwezi. Kwetu mtu akifa, ndugu zake ndio wenye vitu, na mjane anabaki na anachovaa. Hakuna aliyelitamka. Ila asubuhi moja Yaya Numbi alikuwa anapangusa vumbi kwenye cherehani ya Mama Ngoie, polepole, kama mtu anayesoma.

“Hii mashini ni ya kweli. Nani aliuza?”

Kwetu neno kuuza ni kununua pia, na Mama Ngoie alielewa vizuri sana. “Ni miye, yaya. Kwa mikono yangu.”

“Mikono ya muke iko ya nani?”

Kuanzia siku hiyo jikoni palikuwa na vyungu viwili. Binti yetu Ngoie, aliyekuwa na miaka kumi na mbili, alianza kuosha vyombo bila kuagizwa, na hilo ndilo lililoniogopesha kuliko picha. Mimi nilikula bukari, yaani ugali, ya chungu cha kwanza, halafu bukari ya chungu cha pili, ili amani ipatikane. Nadhani ni mgonjwa mmoja tu wa Kolwezi aliyenenepa akitibiwa kifua kikuu.

Sindano ya sitini ikapita. Wakanipiga picha ya pili. Dokta akaiweka kwenye taa, kando ya ile ya kwanza, akapangusa miwani.

“Havikupunguka hata kimoja.”

“Na havikuongezeka?”

“Miezi michache haitoshi kujua. Kifua kikuu kingepunguka. Citoyen, sitaki kukudanganya. Kuna ugonjwa wa kansa unaotoka sehemu nyingine ya mwili na kupanda mbegu kifuani, namna hii. Kama ningepata picha yako ya zamani, hata moja, ningejua vilianza lini.”

“Iko, dokta. Balinipiga mbele ya kuniandika kazi.”

Akamwita mtunza picha, Tata Kapenda, mzee mwembamba wa kabila la Lunda aliyetembea bila sauti. Alitafuta kwa jina Mukalay. Alitafuta kwa namba yangu ya kazi. Akarudi mikono mitupu. “Haiko, dokta. Huyu tata anaanzia mwaka huu.”

Dokta akaandika barua. Baada ya Pasaka, barabara ikikauka, ningeenda Lubumbashi wanifungue kati ya mbavu na kutoa kipande cha pafu wakitazame. Tata Saidi akajitolea kunipeleka mbele ya lori, bure. “Kurudia pia ni bure,” akasema, kisha akageuka kutazama matairi yake kwa muda mrefu.

Sijawahi kuogopa namna ile. Sikuogopa sana kisu. Niliogopa kwamba nitafia njiani au kitandani mwa ugenini, na kwamba siku watakayorudi bila mimi, Yaya Numbi atakuwa ameketi kwenye kiti changu, na cherehani itakuwa tayari imefungwa kamba. Nilianza kumfundisha Ngoie mahali karatasi za nyumba zilipo. Aliniambia, “Papa, najua. Uliandika fishi.”

Wiki moja kabla ya safari, Mama Ngoie alikwenda parokia kuandikisha misa ya kuniombea. Alirudi akitembea haraka, yeye ambaye hakimbii hata mvua. Nilikuwa kwenye kiti. Hakuketi, hakufungua kitenge.

“Kule ku misioni katekista ameniuliza: tumuombee nani?”

“Ukasema?”

“Nikasema Gaspar. Mungu hakuambiwa kama ulibadirisha. Halafu mu njia nikajiuliza: kule ku ospitali, ule mutu wa picha alitafuta nani?”

Niliinuka kwenye kiti changu.

“Alitafuta nani, Gaspar?”

Sasa msomaji, unicheke, una haki. Siku walipopiga ile picha ya kwanza nilikuwa natafuta kazi. Mtafuta kazi hana namba, ana jina tu, na jina lenyewe lilikuwa Kalenga Gaspard. Mimi niliyeacha fishi kwa kila boulon, kwa kila mkanda na kila taa, nilijihamisha mwenyewe kutoka rafu moja hadi nyingine na sikuacha hata kipande cha karatasi. Nilichomwa sindano sitini, na nilikuwa tayari kupasuliwa, na muda wote huo Gaspar alikuwa amelala kwenye sanduku akiningoja.

Asubuhi iliyofuata tulienda wote wawili. Mlangoni mwa chumba cha picha alikuwa ameketi, kama kawaida, mjumbe wa chama, na picha ya Rais juu ya kichwa chake. Jina la ubatizo halikuwa kitu cha kutamka mbele ya watu hao. Nilimwambia Tata Kapenda, “Nimekuja kwa ajili ya picha.”

“Mukalay? Nilisha kutafuta, tata. Haiko.”

Nikasafisha koo, nikatazama dari. Mama Ngoie akanisogeza kando kwa kiwiko.

“Tafuta Kalenga Gaspard.”

Tata Kapenda aliusukuma mlango kwa mguu hadi ukafungika. “Mama, sema pole,” akanong'ona. “Hata miye nilikuwa Désiré.” Kisha akanitazama. “Juu ya nini hukusema?”

“Sikufikiri.”

“Na ni we ulikuwa unafundisha batu kule ku magazini?”

“Ni yeye,” akasema Mama Ngoie.

Picha za waomba kazi zilikuwa chumba cha nyuma, katika masanduku ya mbao. Zilipangwa kwa majina ya zamani, kwa vile agizo lilifika kwa watu na hakuna aliyelipeleka kwa picha. Unyevu ulikuwa umezigandisha. Tata Kapenda alizibandua moja moja, kama mtu anayemenya kitunguu ambacho mwenye nacho ni mkali. Masanduku ya K yalikuwa mawili. Kalenga walikuwa kumi na moja. Nilisimama, nikakaa, nikasimama, masikio yakilia. Mama Ngoie alishika rozari ndani ya kitenge, vidole vikienda bila yeye. King'ora cha saa sita cha kampuni kikalia, na Tata Kapenda, ambaye angeweza kwenda kula, alilamba kidole na kuendelea.

“Gaspard,” akasema baadaye, bila kupandisha sauti. “Huyu hapa.”

Dokta aliweka picha mbili kwenye taa. Safari hii hakupangusa miwani, aliisukuma juu. Aliweka kidole kwenye doa moja la picha mpya, na kidole cha mkono mwingine kwenye picha ya zamani, mahali pale pale. Akahamia lingine. Alihesabu kwa Kifaransa, kwa sauti, na mimi nikahesabu naye kimoyomoyo, nikiomba asiharakishe na asichelewe. Alipofika ishirini na sita alishusha mikono. Alirudi akahesabu upya ya zamani. Ishirini na sita.

“Gaspard huyu ni nani?”

“Ni miye, dokta. Zamani.”

“Ulisha kuugua tetekuwanga ukiwa mtu mkubwa? Na homa, na kukohoa?”

Mama Ngoie alijibu kabla yangu. “Mu internat, mu bweni, dokta, mwaka wa mwisho wa shule. Bapadri balifikiri atakufwa. Tazama paji la uso. Mi niliolewa na hayo matundu.”

Dokta akatazama paji langu, akatazama picha. “Basi mambo uliyonayo usoni unayo na ndani. Ni makovu. Vinundu havikukua miaka yote hiyo. Hakuna kisu. Tutapiga picha nyingine jacaranda zikichanua, kwa usalama.” Akaichukua ile barua ya Lubumbashi na kuichana. “Citoyen, nilikuchoma sindano sitini.”

“Nilizihesabu, dokta.”

Nikabaki pale na kulia, mtu mzima msomi, mbele ya mbavu zangu mwenyewe. Mama Ngoie aliweka mkono nyuma ya shingo yangu.

“Unaona?” akasema. “Hata binundu byako biko sawa na weye. Miaka yote hii habikutoka ku nyumba.”

Yaya Numbi alipopata habari akasema, “Mi nilileta machozi tangu Kabongo. Sasa nirudie nayo yote?” Mama Ngoie alifungua cherehani, akakata kitambaa alichokuwa amekiweka kwa ajili ya Pasaka, akamshonea gauni kwa siku mbili, mikono mipana kama anavyopenda. Tulimsindikiza stesheni. Dirishani alimshika Mama Ngoie mkono, akaugeuza kutazama kiganja. “Hii mikono ni yako,” akasema, na treni ikaondoka. Jioni ile kulikuwa na chungu kimoja.

Picha ya tatu ilikuja na jacaranda. Vinundu ishirini na sita, kila kimoja mahali pake. Masikio bado yanalia mpaka leo, hasa mvua ikikaribia. Nimeyazoea, tena yananisaidia nisisikie nikitumwa sokoni.

Wewe unayengoja, nina haya tu ya kukupa. Doa kwenye picha si hukumu mpaka lilinganishwe na la jana, kwa hiyo itafute jana yako popote ilipolala. Mwambie dokta magonjwa yote ya utotoni na ya ujana, hata yale ya kuchekesha. Mwambie majina yote uliyowahi kuitwa. Siku hizi kila mtu anamwita mtoto wake anavyotaka, lakini watu wanaolewa, wanabatizwa, wanahama, na picha zao zinabaki nyuma zikiwangoja. Nenda na mtu aliyekujua kabla hujawa mkubwa, na umwache aseme.

Siku ya picha ya tatu nilipita kwa Tata Kapenda. Nilikuwa nimeleta fishi kutoka magazini, nimeiandika kwa mkono wangu mzuri wa kazini. Aliisoma, akacheka bila sauti, akaiingiza kwenye sanduku la K, mahali pale pale alipomkuta Gaspar: “Hayupo hapa. Tazama Mukalay wa Banze.”

“Na kama batafuta Mukalay bamukose?” akauliza.

“Mubatume Dilala,” nikamwambia. “Bataniona ku barza.”